SOMO LA AFYA: PRESHA YA DAMU HAINGOJI MAUMIVU



Mara nyingi twamsikia mwenzetu akisema: "Mimi sina presha, maana siumwi kichwa." Usemi huu si sahihi, nao umewaponza wengi. Katika somo hili tutaeleza jinsi damu inavyozunguka mwilini, na kwa nini presha yafaa ipimwe kabla ya maumivu.

Kazi ya moyo

Moyo ni msuli wenye ukubwa kama wa ngumi ya mwenyewe, nao una vyumba 4. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika na kuipeleka mapafuni ipate oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini kote. Ndani mna vali, yaani milango inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma.

Mtu mzima akipumzika, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa kiasi cha mililita 70 za damu. Basi kwa dakika 1 hupita karibu lita 5, yaani karibu damu yote ya mwili. Kazi hiyo haina likizo.

Presha ni nini?

Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za ateri, mishipa itokayo moyoni. Kila aliye hai anayo. Bila presha damu isingefika kichwani. Ugonjwa ni presha kupanda na kubaki juu.

Presha huandikwa kwa namba mbili, mfano 120 kwa 80. Ya kwanza ni nguvu wakati moyo unapojikaza, ya pili wakati unapolegea. Hesabu yake ni milimita za zebaki. Namba ya kwanza ikifika 140 au zaidi, au ya pili 90 au zaidi, katika vipimo vya siku mbalimbali, presha imepanda.

Sababu na madhara

Anayemwagilia bustani anajua kwamba akiubana mpira mwishoni, maji yaliyomo ndani huukaza zaidi. Vivyo hivyo mishipa midogo ikijibana, presha hupanda. Chumvi nyingi nayo huufanya mwili uzuie maji, na damu ikazidi. Unene na pombe huongeza hatari. Kazini, madini ya risasi katika utengenezaji wa betri hupandisha presha. Makelele ya miaka mingi na zamu za usiku pia vimehusishwa nayo.

Moyo unaoshindana na mishipa iliyobana hunenepa kuta, kisha huchoka. Mshipa wa ubongo ukipasuka au kuziba, huleta kiharusi. Figo nazo huharibika. Yote haya huweza kuanza pasipo maumivu yoyote.

Tufanye nini?

Kila mmoja wetu apimwe, akiwa ameketi na kutulia dakika 5. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya dukani. Aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa anajisikia mzima: huenda ni dawa hizo hizo zinazoishikilia presha chini.

Tunajua wapo wenzetu wanaokwepa kipimo kwa kuogopa kuachishwa kazi. Kwa hiyo kila tawi lidai mambo mawili kwa mwajiri: wafanyakazi wapimwe bila malipo katika saa za kazi, na majibu yawe siri ya mfanyakazi na mganga wake.