Namna ya Kutengeneza Kishikio cha Taa za Ziada za Motokaa

Dereva asafiriye usiku kati ya Mtito Andei na Voi ajua vema shida ya giza. Vichaka viko pande zote mbili, wanyama wa Tsavo huweza kutokea ghafula, na huenda lori lililoharibika limeachwa njiani bila taa wala alama. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akiona kitu mbele yake, hupita kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujakanyaga breki, na baadaye gari huhitaji mita 40 hivi, juu ya lami kavu, hata lisimame. Jumla yake ni mita 70 na zaidi. Kwa sababu hiyo wengi hununua taa mbili za ziada za kumulika mbali, ili wazitumie njia ikiwa tupu mbele yao.

Desturi hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwazoeza watu kuona magari yenye safu ya taa mbele. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, mwenyewe alikuwa fundi wa magari. Na fundi hajui tu kuendesha, ajua pia ni kitu gani kitakatika kwanza.

Kitu kikatikacho kwanza mara nyingi si taa, bali ni kile kipande cha chuma kinachoishika. Taa hununuliwa dukani ikiwa nzuri na ya bei kubwa, kisha hufungwa kwa bati jembamba juu ya bampa la plastiki, na baada ya mwezi mmoja wa barabara ya murramu inaning'inia kwa waya wake.

Kazi ya kishikio ni nini?

Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kubeba uzito. Sivyo. Taa moja si nzito, hata mtoto huiinua. Kazi yake hasa ni kuizuia taa isitikisike. Taa ikiinama au kuinuka kwa digrii moja tu, nuru yake hushuka au kupanda mita 1 na robo tatu mahali palipo umbali wa mita 100. Pale dereva alipotarajia kuona miguu ya ng'ombe huona matawi ya miti, kisha lami, kisha matawi tena. Vivuli hurukaruka kama mnyama akimbiaye, na macho huchoka upesi. Taa ya namna hiyo ni afadhali izimwe.

Mtu apendaye kufahamu jambo hili na achukue rula ya shule, aibane ukingoni mwa meza kwa mkono mmoja, na aipige ile ncha inayotokeza nje. Ikitokeza sentimita 20 hutikisika sana. Ikirudishwa ndani mpaka ibaki sentimita 10 tu, mtikisiko hupungua ajabu. Nguvu ile ile ya kidole huipindisha kwa sehemu moja ya nane tu ya vile ilivyopinda mara ya kwanza. Unene nao una kanuni kama hiyo. Chuma chenye unene wa milimita 6 hupinda sehemu moja ya nane ya chuma cha milimita 3, ikiwa urefu na upana ni sawa. Basi mkono wa kishikio yapasa uwe mfupi na mnene. Kwa taa mbili za kawaida, chuma bapa chenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 6 chatosha. Ikiwa hapana budi mkono uwe mrefu, na uwekewe tegemeo la pili la mshazari, kama vile mjenzi afanyavyo kwa paa la nyumba.

Jambo la pili ni mahali pa kukifunga. Kishikio hufungwa kwenye mifupa ya gari, wala si kwenye ngozi yake. Land Rover za zamani zina bampa la chuma lililofungwa kwa boliti moja kwa moja katika fremu, na hapo kazi ni nyepesi. Magari mengi ya siku hizi yana bampa la plastiki, na nyuma yake kuna boriti ya chuma. Plastiki hiyo yafaa ifunguliwe ili fundi aone boliti zilizoishikilia boriti ile, na kuzitumia hizo hizo. Haifai kutoboa fremu matundu mapya ovyo. Magari yenye mifuko ya hewa ya kumkinga dereva huwa na vifaa vidogo mbele vya kutambua mgongano. Visiguswe wala visifunikwe.

Kupima na kukata

Haraka ndiyo iharibuyo kazi hii, na haraka huanza kwa kukata chuma kabla ya kukata karatasi. Fundi mwangalifu hutwaa karatasi ngumu ya sanduku, akaikunja na kuikata kwa mkasi mpaka ikae barabara katika nafasi yake kwenye gari. Hapo huangalia: je, taa itaziba hewa iendayo kwenye rejeta? Itafunika namba ya gari? Boneti itafunguka? Taa itatokeza mbele ya bampa na kumwumiza mtu apitaye? Kosa katika karatasi halina gharama. Ikiisha kukaa vizuri, huinyosha juu ya chuma na kufuata kingo zake kwa chaki au msumari.

Chuma hukatwa kwa msumeno wa chuma, kisha kingo husuguliwa kwa tupa. Tundu hutiwa alama kwa kugonga ncha kali ya chuma, hutobolewa kwanza kwa keekee nyembamba ya milimita 3, na baadaye hupanuliwa hata kufikia ukubwa wa boliti; boliti ya milimita 8 yataka tundu la milimita 8 na nusu. Kati ya tundu na ukingo wa chuma libaki eneo la kutosha, yaani kituo cha tundu kiwe mbali na ukingo kwa kiasi kisichopungua mara mbili ya upana wa tundu lenyewe. Kipande kinachotobolewa sharti kibanwe katika jiliwa. Kikishikwa kwa mkono, keekee ikinasa hukizungusha ghafula, na wako mafundi waliopoteza vidole kwa njia hiyo. Miwani ya kukinga macho nayo ivaliwe.

Katika kukunja, chuma cha milimita 6 chaweza kukunjwa baridi kwa nyundo kubwa, lakini pembe isiwe kali. Chuma kikunjwapo kwa pembe kali mno hupasuka upande wa nje, pengine kwa ufa usioonekana. Ni afadhali kipelekwe kwa mhunzi, kikatiwa moto mpaka kiwe chekundu, kikakunjwa kwa mviringo, na kuachwa kipoe chenyewe bila kutiwa maji.

Mviringo huo si urembo. Kila mtu amepata kukata waya kwa kuukunja huku na huku mara nyingi; hakuna mkunjo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata, bali wingi wake ndio uliouchosha. Barabara yenye mawimbi hukifanyia kishikio vivyo hivyo maelfu ya mara, na ufa huanzia mahali penye pembe kali au mkwaruzo. Ulimwengu ulijifunza neno hili kwa huzuni mwaka 1954, ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilipovunjika zikiwa angani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba bati la mwili wake lilikuwa limechoka na kupasuka. Kwa sababu hiyo pembe zote za kishikio zisuguliwe hata ziwe za mviringo, pamoja na midomo ya matundu.

Baada ya hayo chuma husuguliwa kwa msasa, hupakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili. Mtu akaaye pwani na aongeze uangalifu. Mwili wa Land Rover za zamani umetengenezwa kwa alumini, na alumini ikigusana na chuma kitupu mahali penye hewa ya chumvi, kama Mombasa au Lamu, huliwa upesi ikawa unga mweupe. Kipande cha mpira au cha plastiki kiwekwe kati ya hizo mbili.

Waya na kuzielekeza taa

Taa mbili za wati 55 kila moja, katika gari la volti 12, hutumia kiasi cha ampea 9. Umeme huo ni mwingi kwa swichi ndogo ya gari, nayo huweza kuungua. Hivyo hutumiwa rilei, na fyuzi ya ampea 15 huwekwa karibu na betri. Waya wa betri wa upande wa hasi hufunguliwa kwanza kabla ya kazi yo yote. Kila waya unapopenya bati, tundu livikwe mpira, la sivyo bati litakata ngozi ya waya kidogo kidogo na moto utatokea. Rilei iamriwe na waya wa taa kubwa za mbali, ili dereva akiinamisha taa zake kwa ajili ya gari lijalo, zile za ziada nazo zizimike papo hapo. Asiyezoea kazi ya umeme na amwite fundi wa umeme wa magari kwa sehemu hii.

Taa huelekezwa jioni mbele ya ukuta, gari likiwa mahali pa usawa umbali wa mita 10, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha na mzigo wa kawaida ukiwa ndani. Kitovu cha nuru kiwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe.

Boliti zikazwe kwa nati za kujishika au washa za springi, nazo zitazamwe baada ya kilomita 100 za kwanza. Mafundi wengine hupiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Asubuhi dereva atazamapo maji na mafuta, hutupia macho mstari huo pia. Ukiwa umevunjika katikati, nati imeanza kulegea, na spana itolewe kabla gari halijaondoka.