SOMO LETU: ZIWA TANGANYIKA NA UDONGO WA MLIMANI



Leo tujifunze juu ya Ziwa Tanganyika. Liko mbali, lakini lina undugu na nchi yetu. Bonde la Ufa lina mikono miwili. Ule wa mashariki unapita hapa Kenya, penye Turkana na Naivasha. Ule wa magharibi unapita kati ya milima mirefu. Hapo ardhi ilipasuka, ikazama, maji yakajaa.

1. Ukubwa wake
Urefu ni kama kilomita 670, kupita safari ya Mombasa hadi Nakuru. Upana ni kilomita 50 hivi tu. Kina chafika meta 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zinaligawana. Mito mingi huingia, kama Rusizi na Malagarasi, lakini mto wa kutoka ni mmoja tu, Lukuga. Maji mengine hukaushwa na jua. Basi uchafu ukiingia, si rahisi kutoka.

2. Uhai uko juu
Mtu akiona maji hayo atasema samaki hawawezi kuisha. Sivyo. Kupita meta 200 hivi kwenda chini hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Lakini mbolea ya ziwa imelala huko huko chini. Upepo wa kusini, kati ya Mei na Septemba, ndio hukoroga maji na kuipandisha juu. Siku hizi maji ya juu yamezidi joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha dagaa kinapungua.

3. Udongo unakwenda wapi?
Milima imesimama karibu kabisa na ufuo. Miti ikikatwa na shamba likilimwa bila matuta, mvua hubeba udongo hadi ziwani. Huko hufunika mawe ya ufuoni, ambako samaki wengi hula na kuzaa. Hivyo mkulima wa mlimani apoteza rutuba, na mvuvi wasiyejuana naye apoteza kitoweo. Hasara mbili kwa mvua moja.

Sisi pia twaona mito yetu ikigeuka rangi ya chai mvua ikinyesha. Mwanzo 2:15 inatupa kazi mbili: kulima na kutunza. Tusichague moja.

Tujadili kikundini
- Udongo wa mashamba yetu huishia wapi?
- Ni nani wanaotumia maji huko chini yetu?
- Kabla ya mvua ndefu, tutachimba matuta na kupanda nepia kwa shamba la nani kwanza?