Khabari na Inshai: Namna ya Kusoma Tangazo la Kiwanja

Ilimu ya balagha imesomwa pwani tangu zamani, na wengi hudhani kuwa kazi yake huishia katika maneno ya Kiarabu na mashairi. Lakini leo yahitajiwa zaidi katika tangazo la kuuza ardhi. Matangazo ya viwanja vya Ihumwa, iliyo mashariki ya mji wa Dodoma katika njia iendayo Morogoro, huwafikia watu wa Tanga na Bagamoyo katika simu zao, na mtu hutoa fedha ya urithi kwa ardhi ambayo hajapata kuikanyaga.

Yapasa ijulikane kwanza kwamba maneno ni namna mbili. Khabari ni neno ambalo msemaji wake aweza kuambiwa, "Umesema kweli," au, "Umesema uwongo." Inshai ni lile lisiloambiwa hivyo: amri, katazo, swali, tamanio na wito. Na ichukuliwe kwa mfano tangazo la namna hii: "Ndugu, wahi! Nani asiyetaka kuwa jirani wa Serikali? Ihumwa ni Masaki ya Dodoma. Viwanja vimepimwa, hati ipo."

"Ndugu" ni wito, na "wahi" ni amri. Ama lile swali, halingoji jibu. Limewekwa ili msomaji ajijibu mwenyewe, kisha adhani kuwa ameambiwa. Muuzaji hawezi kushikwa kwa lolote katika hayo matatu.

Lakini ndani ya swali imefichwa khabari ya kweli, kwani Mji wa Serikali upo Mtumba, jirani na Ihumwa, na ulifunguliwa mwaka 2019. Kweli moja ikitangulia, maneno yafuatayo huazima heshima yake. Na hata kweli hiyo ina muda wake: uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973, na ilitarajiwa kazi imalizike kwa miaka 10. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Aliyesikia "karibuni" katika mwaka ule wa kwanza alingoja miaka 43.

"Ihumwa ni Masaki ya Dodoma" wengi huiita istiara, na si hivyo, kwani pande zote mbili zimetajwa. Hiyo ni tashbihi, tena ile iitwayo baligh, iliyoondolewa neno la kufananisha na sababu ya kufanana. Nguvu yake yote imo katika kile kilichoondolewa. Basi msomaji na airudishe sababu: zafanana kwa nini? Kwa bahari haiwezekani, Ugogo ni nchi kavu. Ikiwa ni kwa barabara na maji ya mfereji, na aulize yamefika kiwanja kipi. Na ikiwa ni kwa bei ya miaka ijayo, hiyo dalali haijui.

Zimebaki khabari mbili, na hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa huingia tauria: neno lenye maana ya karibu na maana ya mbali, msikizaji akashika ya karibu na msemaji akakusudia ya mbali. "Vimepimwa": msomaji hufahamu kuwa mpima ardhi mwenye leseni amepima na ramani imekubaliwa. Muuzaji huenda akakusudia kuwa mtu alipita na kamba. "Hati ipo": ya nani, na ya ardhi ipi? Yaweza kuwa ni hati ya shamba zima, kwa jina la mtu mwingine, na vipande vyake havijapata hati hata kimoja.

Tena neno "kuuza" lenyewe hapa lina majazi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kinachohamishwa ni haki ya kukaa na kutumia kwa muda uliotajwa, usiozidi miaka 99. Kwa hiyo anayeambiwa "hati ipo" na aulize vilevile miaka mingapi imesalia.

Majibu ya maswali hayo yana mahali pake. Muuzaji ataje namba ya kiwanja na kitalu. Kisha namba hizo zipelekwe katika ofisi ya ardhi ya Jiji la Dodoma zilinganishwe na ramani, na kwa Msajili wa Hati ufanywe upekuzi wa jina la mwenye haki, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mkononi.