Mafundisho ya Mwezi wa Kwanza: Ahadi Moja Tu

Kila Mwaka Mpya tunaahidi mengi: kuacha pombe, kuweka akiba, kutopiga watoto. Ikifika mwezi wa 3 hatukumbuki hata moja. Safari hii chagua ahadi moja, ndogo, ambayo jirani anaweza kuiona kwa macho.

Chukua hii ya maji. Mwezi wa 6 mwaka 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikaingia wilaya ya Kasese, na wagonjwa walilazwa Bwera. Siku zile watu walipita Mpondwe kwa kunawa mikono na kupimwa joto. Nyumba nyingi ziliweka ndoo mlangoni. Hofu ilipopungua, ndoo zikarudi kubebea mihogo. Hata yangu, sifichi.

Kwa hiyo usiseme, "Nitakuwa msafi." Sema, "Kila jioni kabla ya kuwasha moto, nitajaza dumu la kunawia karibu na choo." Weka sabuni, isipopatikana, tumia majivu. Mwambie mtoto akukumbushe, maana watoto hawasahau ahadi za wazazi. Ukikosa siku moja, jaza asubuhi yake. Usingoje Mwaka Mpya mwingine.