Kusoma Habari za Wasioandika

Mwalimu akiuliza, "Historia ya Uganda ilianza lini?" wanafunzi wengi hutaja wageni wa kwanza walioandika habari za nchi hii. Hilo ni kosa. Wino ulichelewa kufika, lakini watu walikuwapo. Basi tutawasomaje wasioandika? Twendeni katika Jumba la Makumbusho, mtaa wa Kitante, mjini Kampala.

Jumba hili lilianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard. Kwa sababu ya hirizi zilizowekwa humo, watu waliliita Nyumba ya Mayembe, wakaogopa kuingia. Jengo la Kitante lilikamilika mwaka 1954.

Tazameni kwanza vigae vya vyungu. Mwanafunzi mvivu huvipita upesi, maana havina dhahabu. Lakini huko Ntusi wataalamu walichimba majaa ya kale, wakakuta vigae na mifupa mingi ya ng'ombe. Kwa hiyo twajua ya kuwa kabla ya mwaka 1500 watu walikaa hapo kwa wingi, wakifuga na kulima. Kule Bigo, karibu na mto Katonga, yako mahandaki ya zaidi ya kilomita 10, mengine yamekatwa katika mwamba. Kazi kama hiyo yataka watu wengi, chakula cha kuwalisha, na mwenye kuwaamuru.

Kisha sikilizeni amadinda. Ina vipande 12 vya mti, na hupigwa na watu watatu. Ukimsikia mmoja peke yake, huujui wimbo. Historia nayo ni vivyo hivyo: kigae, handaki na masimulizi ya wazee sharti vipatane.

Mwisho, fikirini habari za Kibuuka, aliyeheshimiwa na Waganda kuwa mungu wa vita. Mabaki yake yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe, yakawekwa Cambridge, Uingereza. Yalirudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka 2024 vitu vingine 39 vilirudi kutoka Cambridge, lakini kwa mkopo. Je, mwenye mali hukopeshwa mali yake?

MASWALI
1. Jaa la taka laweza kutufundisha nini?
2. Kwa nini mahandaki ya Bigo ni dalili ya utawala?
3. Uliza nyumbani kwenu: ni kitu gani cha kale kilichosalia, na nani ajuaye habari zake? Ziandike kabla hajaondoka.