Tarumbeta Moja, Funguo Mbili: Istilahi na Ukusanyaji wa Ala Kongwe za Shaba katika Nyanda za Kati za Tanzania

IKISIRI

Makala hii inajadili tatizo la kiistilahi linalomkabili mtu anayekusanya ala kongwe za shaba katika Dodoma na nyanda za kati, hasa zile zilizoundwa zipigwe katika ufunguo zaidi ya mmoja. Inadaiwa kuwa ala ya namna hiyo haiwezi kuorodheshwa ipasavyo kwa vipimo vya chuma peke yake. Maneno ya wapigaji wake ni sehemu ya ala, nayo hupotea mapema kuliko shaba.

1.0 Utangulizi

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamekwisha kuingia Mpwapwa, mwaka 1876. Kati ya bendi za askari, nyimbo za misheni na ngoma ya beni, ambayo Ranger (1975) ameonyesha kuwa ilianzia katika pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea bara wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, sauti ya shaba ikapata makazi mbali sana na viwanda vyake.

Leo hii sauti hiyo husikika zaidi harusini, pale bibi na bwana harusi wanaposindikizwa na matarumbeta yaliyopakiwa nyuma ya gari. Ala inayovuja au iliyokwama hutiwa risasi, hufungwa kwa mpira, hupigwa tena. Ikishindikana kabisa huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwenye mizani yake koneti ya miaka mia moja ina thamani sawa na koki za maji zenye uzito uleule. Ndiyo sababu suala hili haliwezi kuachiwa wapenzi wa vitu vya kale pekee.

2.0 Ala na Urefu wa Mrija

Kwanza tuieleze ala yenyewe, kwani bila hilo mjadala wa istilahi utaelea hewani. Mrija wa shaba usio na vali hautoi sauti zote. Hutoa mfuatano wa sauti za asili tu, na urefu wa mrija ndio unaoamua mfuatano huo uanzie wapi. Mpigaji wa karne ya 18 aliyetaka kubadili ufunguo alichomoa kipande cha mrija akachomeka kingine. Mwaka 1818 Stölzel na Blühmel walipata hataza ya vali mjini Berlin, na tangu hapo vidole vikaweza kuurefusha mrija papo kwa papo.

Hata hivyo vipande vya kuchomeka havikutoweka. Koneti nyingi za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa zikiwa na vipande viwili sandukuni: kifupi kwa ufunguo wa B flati, kirefu kwa ufunguo wa A, nusu toni chini yake. Nyingine zilikuwa na vali ndogo ya kuzungusha iliyofanya kazi hiyohiyo. Mfano ulioendelea zaidi ni honi maradufu iliyotoka katika karakana ya Kruspe, Erfurt, mwaka 1897. Ndani yake mna mirija miwili, wa F wenye urefu wa mita 3.7 hivi na wa B flati wenye takribani mita 2.7, na dole gumba huchagua pumzi ipite upi.

Kuna utata mwingine ambao mkusanyaji asipoujua atalaumu ala bure. Bendi za Kiingereza za zamani zilitumia kimo cha juu, ambapo sauti ya A ilikuwa hezi 452 hivi badala ya 440. Bendi za jeshi la Uingereza zilikiacha mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini bendi za kiraia ziliendelea nacho hadi miaka ya 1960. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya nusu toni. Koneti ya namna hiyo ikipigwa pamoja na kinanda cha leo huonekana mbovu, kumbe ni nzima kabisa. Maandishi kwenye kinywa chake kipana husaidia kukadiria umri: jina la Boosey & Co. likiwa peke yake huashiria kipindi cha kabla ya 1930, mwaka ambao kampuni hiyo iliungana na Hawkes.

3.0 Neno Moja, Ala Nyingi

Katika Kiswahili ala hizi zote ni tarumbeta. Neno hili, ambalo kwa kawaida huhusishwa na neno la Kireno trombeta, limepanuka kimaana hadi likawa jina jumuishi. Koneti ni tarumbeta, tromboni ni tarumbeta, na wingi wake, matarumbeta, humaanisha kundi zima pamoja na ngoma zake. Si kwamba lugha ilikuwa maskini: Lamu ina siwa ya shaba ya tangu zamani, na baragumu na mbiu vina mahali pake. Lakini siwa ni ala ya enzi. Haikuitwa kutaja kitu kinachonunuliwa dukani.

Neno la Kiingereza la bendi limetuingia mara mbili. Mara ya kwanza likawa beni, ngoma yenye vyeo na gwaride. Mara ya pili likawa bendi, kundi la muziki wa dansi. Huko kusini mganda na malipenga viliihifadhi sauti ya shaba kwa vibuyu vya kuimbia, bila shaba yenyewe. Mkusanyaji anayefuata chuma tu atavipita.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno ufunguo. Katika vitabu vya muziki neno hili hutaja alama inayoandikwa mwanzoni mwa mistari ya noti, na pia hutaja toni ambayo wimbo umejengwa juu yake. Mwalimu wa kwaya aliyelelewa katika solfa hukwepa yote mawili kwa kusema "Do ni G". Hapo Do husafiri.

Sasa tuchukue tarumbeta ya B flati ipigwe bila kubonyeza vali. Katika mapokeo ya bendi za Kiingereza mpigaji huandikiwa C, ingawa sikio husikia B flati. Katika mapokeo ya kwaya za tarumbeta za Kilutheri za Ujerumani, yaliyoimarishwa na Johannes Kuhlo (1856–1941), sauti huandikwa kama inavyosikika, na huitwa B, kwa kuwa B ya Kijerumani ndiyo B flati. Mwanakwaya naye huiita Do, au So, kutegemea wimbo. Nchi iliyotawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza imerithi majina yote matatu, na mtu akiandika kwenye kadi "ufunguo wa C" bila kueleza ni kwa mapokeo yapi, hajaandika kitu.

4.0 Sikio la Kigogo

Nyanda za kati zina sababu yake ya pekee ya kuhusika. Kubik ameeleza kuwa skeli ya Wagogo inatokana na mfuatano wa sauti za asili, kufikia ile ya tisa. Huo ndio mfuatano unaotolewa na mrija wa shaba ulio wazi. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini ya ile ya kinanda kwa takribani theluthi moja ya nusu toni, na wapigaji waliofunzwa Kizungu huikwepa kama kasoro. Kwa sikio la Kigogo sauti hiyo ina kiti chake. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wagogo mwaka 1950, na Hukwe Zawose (1938–2003) aliupeleka kwenye majukwaa ya ulimwengu. Atakaye kulinganisha ana pa kuanzia.

Zaidi ya hayo, fundi wa ilimba huvuta au husukuma ulimi wa chuma ili kushusha au kupandisha sauti: ukiwa mrefu, sauti huzama. Kanuni ya urefu na kimo ni yake tayari. Kumweleza kipande cha kuchomeka cha koneti kusingehitaji somo refu.

5.0 Pendekezo

Kwa maoni yangu, ufunguo ubaki kutaja toni ya wimbo au ya ala pekee, na kimo kitumike kwa hezi. Kipande kirefu cha kuchomeka kiitwe kishushio, kutokana na kitenzi ambacho wanakwaya hukitumia kila siku wanapoambiwa washushe sauti. Uundaji huu ni wa kawaida, kama kifungio. Ikiwa mahali fulani wapigaji wana neno lao, langu lifutwe.

Kadi ya ala iandikwe, pamoja na mtengenezaji na nambari, sauti inayosikika vali zikiwa wazi, jina ambalo mpigaji huipa sauti hiyo, na kanisa au bendi aliyojifunzia. Vishushio hupotea kwanza, kwa kuwa ni vidogo na havina kazi harusini. Lakini sanduku kuukuu mara nyingi huwa bado lina kishimo chake kwenye kitambaa, chenye umbo la kipande kisichokuwapo. Sanduku hilo lichukuliwe hata likiwa limetafunwa na panya, na mwenyewe aulizwe, kabla bei haijatajwa, kishimo kile kilikuwa cha nini na kitu chake kiliitwaje.