Kazi Zisizojulikana Kwenye Seva: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

Seva za afisi za umma katika kaunti za Migori na Homa Bay hubeba mambo mazito: malipo ya leseni, ushuru wa soko, orodha za wafanyakazi na rekodi za wagonjwa. Katika vituo vingi vya afya vya eneo hili, rekodi za wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi huwekwa katika mfumo wa KenyaEMR, na mara nyingi seva yake iko pale pale kituoni. Seva kama hiyo ikianza kufanya kazi usiku ambayo hakuna aliyeiagiza, siri ya mgonjwa wa Ndhiwa au Nyatike inaweza kuwa hatarini.

Somo hili ni la maafisa wa TEHAMA wa kaunti, wasimamizi wa rekodi za afya na wanafunzi wa vyuo vya kiufundi. Msimamizi wa kituo asiye fundi naye atafaidika, kwa kuwa atajua la kumwuliza fundi wake.

Kazi ya ratiba ni nini?

Ni amri ambayo seva huitekeleza yenyewe saa ikifika, bila mtu kubonyeza chochote. Kutoa nakala ya akiba ya data kila usiku, kutuma ripoti kila mwezi na kufuta faili kuukuu ni mifano ya kawaida. Kwenye seva za Linux, programu ya zamani na inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni cron, iliyokuwamo katika Unix tangu miaka ya 1970. Siku hizi ipo pia systemd, yenye vipima muda vyake. Kwenye Windows kuna Task Scheduler.

Kazi usiyoitambua si lazima iwe ya mwizi. Huenda ililetwa na programu iliyosakinishwa, ikaachwa na mwanakandarasi aliyemaliza mkataba, au ikawekwa na mwenzako aliyehamishwa. Huenda pia ni mgeni mbaya. Kazi ya fundi ni kutofautisha hao wote kwa ushahidi.

Hatua ya kwanza: usifute

Wengi wakiona amri ngeni huifuta papo hapo na kuwasha seva upya. Hapo wamefagia nyayo. Kama kulikuwa na mvamizi, kazi hiyo itarudi baada ya dakika chache, na sasa hujui ilitoka wapi. Kama ilikuwa kazi halali ya kutoa nakala ya akiba, kituo kitajua siku diski itakapoharibika.

Andika kwanza saa uliyoona tatizo, jina la mtumiaji na amri yenyewe. Nakili faili husika na kumbukumbu za mfumo kwenye diski ya nje. Ukiona data inatoka nje, chomoa waya wa mtandao lakini uache seva ikiwaka, kwa sababu mengi ya kuona yamo katika programu zinazoendelea.

Hatua ya pili: mtafute mzazi

Kila programu inayokimbia kwenye Linux ina namba yake na namba ya programu iliyoianzisha, yaani mzazi wake. Amri hii huonyesha ukoo mzima, mtumiaji na saa ya kuanza:

ps -eo pid,ppid,user,lstart,cmd --forest

Ukiona programu ngeni iko chini ya cron, chanzo ni ratiba ya cron. Ikiwa chini ya sshd, kuna mtu au mashine nyingine iliyoingia kutoka nje na kuiendesha. Ikiwa chini ya Tomcat au programu ya tovuti, angalia ndani ya mfumo huo wenyewe. Unaweza pia kuandika systemctl status ukifuatisha namba ya programu, nayo systemd itakuambia iko chini ya huduma ipi.

Kazi nyingine huisha kwa sekunde chache, hata huwezi kuzikuta zikiendelea. Hizo zitafute katika kumbukumbu. Kwenye Ubuntu andika grep CRON /var/log/syslog. Kwenye Red Hat na jamii yake soma /var/log/cron. Kila mstari unataja saa, mtumiaji na amri iliyotekelezwa.

Hatua ya tatu: pitia mahali pote

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuandika crontab -l, kuona hakuna kitu, na kutangaza kwamba seva ni safi. Amri hiyo huonyesha ratiba ya mtumiaji mmoja tu, yule aliyeiandika. Orodha kamili ni hii:

1. Ratiba za watumiaji wote. Kwenye Ubuntu zimo katika /var/spool/cron/crontabs. Kwenye Red Hat zimo katika /var/spool/cron.

2. Ratiba za mfumo: faili ya /etc/crontab, saraka ya /etc/cron.d, na zile za kila saa, siku, wiki na mwezi, kama /etc/cron.daily.

3. Vipima muda vya systemd. Andika systemctl list-timers --all. Utaona kila kimoja kilikimbia lini na kitakimbia tena lini.

4. Kazi za mara moja zilizowekwa kwa at. Andika atq.

5. Ratiba zilizo ndani ya mifumo. Hifadhidata ya MySQL ina ratiba yake, na kuanzia toleo la 8.0 huwa imewashwa tangu mwanzo. Amri ya SHOW EVENTS huonyesha zilizomo katika hifadhidata unayoitumia. OpenMRS, ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake, ina ukurasa wake wa ratiba. Vivyo hivyo DHIS2, mfumo ambao Kenya imekuwa ikiutumia nchi nzima kwa ripoti za afya tangu 2011.

6. Kwenye Windows, andika schtasks /query /fo LIST /v, kisha usome sehemu za mtumiaji na programu inayoendeshwa.

Hatua ya nne: nani aliiweka?

Ukishaipata faili, iulize ina mwenyewe. Kwenye Ubuntu andika dpkg -S ukifuatisha njia ya faili. Kwenye Red Hat andika rpm -qf. Jibu likitaja kifurushi cha programu unachokijua, umepata chanzo: iliingia pamoja na usakinishaji. Jibu likisema hakuna kifurushi chenye faili hiyo, basi iliwekwa kwa mkono wa mtu au kwa hati ya mtu.

Kisha andika stat na jina la faili uone ilibadilishwa lini. Linganisha saa hiyo na orodha ya walioingia, ambayo huipata kwa amri ya last, na kumbukumbu za /var/log/auth.log. Kwenye Ubuntu, mtu akihariri ratiba kwa amri ya crontab, kumbukumbu huandika jina lake pamoja na neno REPLACE. Ukiona ratiba ilibadilishwa saa tisa usiku kwa akaunti ya mtu aliyestaafu, akaunti hiyo ilipaswa kufungwa siku alipokabidhi afisi.

Saa ya seva na saa ya Kiswahili

Hapa ndipo mafundi wa kwetu hupotea zaidi. Chukua mfano: msimamizi wa hospitali anaagiza nakala ya akiba itolewe saa mbili usiku. Fundi anaandika 0 2 * * *. Kwa cron, 2 ni saa nane usiku. Saa mbili usiku ni 20. Tena seva hiyo haikuwekewa saa za Afrika Mashariki, inafuata saa ya dunia ya UTC ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Matokeo yake kazi inakimbia saa kumi na moja alfajiri, na mlinzi wa zamu anaripoti kwamba mtambo unanguruma wakati hakuna mtu. Hakuna mwizi hapo. Kwa seva hiyo, namba sahihi ilikuwa 17. Andika timedatectl kabla ya kumshuku yeyote.

Jambo la pili ni umeme. Stima ikipotea usiku wa mvua na kurudi asubuhi, baadhi ya kazi zilizokosa saa yake hukimbia mara seva inapowaka. Programu ya anacron imetengenezwa kwa shughuli hiyo, na vipima muda vya systemd vilivyowekewa Persistent=true hufanya hivyo pia. Kile cha kutafuta masasisho ya Ubuntu, apt-daily.timer, kimewekewa hali hiyo pamoja na kuchelewa kwa bahati nasibu. Ndiyo maana intaneti ya kituo inaweza kulemewa saa tatu asubuhi leo na saa kumi jioni kesho, na kumbe ni seva inapakua masasisho yake.

Dalili za mgeni mbaya

Programu hasidi hupenda cron kwa sababu huirudisha hata ikiuawa. Mojawapo inayojulikana ni Kinsing, ambayo huvamia seva za Linux zilizoachwa wazi kwenye intaneti ili zichimbe sarafu za kidijitali kwa umeme wa mwenyewe. Huweka ratiba inayopakua hati yake upya kila mara, na programu yake ya kuchimba hujiita kdevtmpfsi, karibu sawa na jina halali la kdevtmpfs.

Shuku kazi inayokimbia kila dakika, inayopakua kitu kwa curl au wget na kukitekeleza papo hapo, inayoendesha faili iliyo katika /tmp au /dev/shm, au yenye mstari mrefu wa herufi zisizosomeka unaofumbuliwa kwa base64. Ukipata moja, angalia pia faili za authorized_keys, kwa kuwa mvamizi huacha ufunguo wake wa kurudia. Baada ya kuthibitisha uvamizi, njia salama ni kusakinisha seva upya, kurudisha data kutoka nakala ya akiba ya kabla ya uvamizi, na kubadilisha manenosiri yote.

Sheria inasema nini?

Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, anayeendesha mfumo wa kompyuta, wa umma au wa binafsi, ana saa 24 za kuripoti uvamizi kwa kamati ya kitaifa iliyoundwa na sheria hiyo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwao, Kamishna wa Data hujulishwa ndani ya saa 72 tangu kugundua. Mwanakandarasi anayeshughulikia data kwa niaba ya afisi ana saa 48 za kuijulisha afisi hiyo. Msaada wa kiufundi hupatikana kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Saa hizo ni chache. Fundi aliyeandika saa na amri tangu mwanzo ataripoti kwa uhakika. Aliyefuta kwanza hatakuwa na la kueleza.

Zoezi la wiki hii

Kila afisi ifungue daftari la kazi za ratiba. Kwa kila kazi andika: inafanya nini, iko katika faili gani, inakimbia saa ngapi kwa saa ya Kenya na kwa saa ya seva, nani aliiweka, na nani aliidhinisha. Pitia orodha ya hatua ya tatu hadi kila kazi iwe na mstari wake. Isiyopata mwenyewe ipelekwe kwa mkuu wa TEHAMA kabla ya kuguswa. Daftari hilo likabidhiwe kila fundi anapohamishwa au mkataba wa mwanakandarasi unapokwisha, pamoja na funguo za chumba cha seva.